Tarehe Moja Januari

Nafanya kazi duka la fotokopi, Barabara ya Digo:
mashine mbili, moja mgonjwa,
na vyeti vya kuzaliwa ndio mkate wangu,
mbele na nyuma, shilingi kumi.
Nimenakili vingi hata nikaijua siri ya mji:
nusu yetu tumezaliwa tarehe moja Januari.
Karani aliuliza, mama akajibu, "Ilikuwa mvua,"
na mvua haina kisanduku kwenye fomu.

Leo Shufaa, mwenzangu wa meza ya pili,
hajatia kitu kinywani tangu saa nne.
Simu imemuuliza maswali kumi na mawili:
wapenda rangi gani, walalia ubavu upi,
ungekuwa tunda ungekuwa lipi,
kisha ikakata hukumu: wewe Nge, yeye Mbuzi,
ndoa yenu mafuta kwa maji.
Posa ni Ijumaa. Mahamri yameshaagizwa.

"Swaleh ni Mbuzi kwa hesabu gani?"
Kwa kitambulisho. Tarehe moja Januari.
Nikacheka hadi mteja akageuka.
Mamake, Bi Batuli wa Kuze, husimulia kila harusi
kwamba huyu alizaliwa usiku wa masika,
usiku ukuta wa choo ulipoanguka.
Basi ni Ng'ombe!
Au Mapacha, ikiwa ukuta ulichelewa.

Babu yake Shufaa alikuwa mtu wa falaki, Kibokoni.
Alichukua jina lako na jina la mamako,
akageuza herufi kuwa hesabu,
akapunguza kumi na mbili, kumi na mbili,
hata ikabaki nyota yako: Hamali, Thauri, Jauza.
Sisemi alijua.
Alimwonya baba asipande gari Jumatano,
na Jumatano hiyo baba akavunjika mguu
kwenye ngazi za nyumbani kwetu.
Lakini mzee alikutazama usoni,
akakumiminia kahawa kabla ya habari mbaya.

Simu nayo yatazama, ila yatazama kwingine.
Ilimtaka Shufaa jina la mama, akaandika.
Ikataka namba, akaandika.
Asubuhi zikaanza kumiminika:
mkopo wa dakika tano, beti ya jioni,
na daktari wa nguvu za kiume. Shufaa!

Nami nisijifanye mjuzi.
Nimeyajibu maswali hayo mara tatu, kwa tarehe tatu,
nikatoka Simba, nikatoka Mizani, nikatoka Samaki,
na mara zote tatu nikaambiwa
nina moyo mwema lakini watu hawanithamini,
na mara zote tatu, wallahi, nilitikisa kichwa: kweli.
Maneno hayo ni dera,
hakuna mwili lisiloingia.

Mara ya nne sikumwambia mtu.
Mama yu Makadara, majibu ya kipimo ni kesho,
saa nane za usiku, kioo chaniangaza pua.
*Habari njema ziko njiani*, ikasema.
Asubuhi habari zilizokuja hazikuwa hizo.
Lakini nililala.
Usingizi ule siwezi kuukana.

Alasiri Swaleh akaja, kijasho shingoni,
ataka kopi ya kitambulisho, ya kwenda kwa kadhi.
Shufaa akamwacha asimame kwanza.
Kisha akamuuliza lililomkaa kooni,
ambalo simu haikuliuliza:
"Stima ikija elfu sita, utafanyaje?"
Swaleh akafikiri kikweli, akakuna sikio.
"Nitauliza kwanza ni nani aliyeiacha pasi."

Shufaa akacheka.
Akaacha kucheka.
Akamtazama, sijapata kumwona akimtazama mtu vile.

Nikakiweka kitambulisho kwenye mashine, ile mgonjwa,
nyingine ina foleni.
Ikakohoa, ikatoa karatasi ya moto:
uso upo, jina lipo,
tarehe imemezwa na wino.
Nikataka kuitupa, nianze upya.
Shufaa akaniwahi mkono,
akaikunja mara nne,
akaitia mkobani.